Beseni la maji moto na mguu uliokufa ganzi: kisa cha mkandaji wa nyayo Dar es Salaam

Kisa hiki nimekitumia mara kadhaa kufundishia wanaoanza kazi ya refleksolojia, yaani kukanda nyayo kwa kufuata ramani ya mguu. Mhusika mwenyewe ameruhusu kisimuliwe. Mtaa, umri na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyaondoa au kuyabadilisha. Mkandaji nitamwita R., na mteja wake Mzee K.

Usuli

R. ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Kazi aliijulia kwenye hoteli moja ya ufukweni: mafunzo ya miezi mitatu, kisha miaka mitano ya kukanda wageni. Mgeni alilipa shilingi 90,000 kwa saa moja ya miguu, R. alipokea mshahara wa 350,000 kwa mwezi, na bakshishi mgeni akipenda. Hesabu hiyo kila mkandaji wa hotelini ameshawahi kuipiga akiwa ameinamia kisigino cha mtu. Wengi wanaishia kuipiga tu. Yeye aliacha kazi.

Alianza kwa kufuata wateja majumbani na mkoba wake, mafuta ya nazi na taulo mbili, kwa bodaboda. Kikao 30,000, nauli juu ya mteja. Mwaka wa pili akapata frem. Kodi 150,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba akataka ya miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo 900,000 zikatoka hata kabla ya kununua pazia. Kiti cha kulaza mgongo alichongewa na seremala wa mtaani. Ukutani akabandika ile chati ya nyayo mbili zilizogawanywa kwa rangi, kila rangi na kiungo chake.

Chati ile ina historia. Mwaka 1917 daktari wa Marekani wa masikio, pua na koo, William Fitzgerald, alichapisha nadharia kwamba mwili umegawanyika katika kanda 10 zinazoshuka wima kutoka kichwani. Miaka ya 1930 Eunice Ingham, naye Mmarekani, mtaalamu wa tiba kwa viungo, akaichukua nadharia hiyo na kuichora kwa kina kwenye nyayo: kichwa kwenye vidole, mapafu chini yake, na kongosho kwenye tao la unyayo. Hilo la kongosho likumbuke, litarudi.

Karatasi zake zilikuwa namba ya mlipakodi na leseni ya biashara. Hakuwa amejisajili Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na nilipomuuliza alisema kwa dhati kabisa kwamba alidhani leseni inatosha.

Bango

Miezi mitatu ya kwanza pale frem wateja walikuwa wa kuhesabu, kama wanane kwa wiki. Jirani mmoja akamwambia neno ambalo kila mtu kwenye biashara hii ameshaambiwa: watu hawatoi hela ili wapumzike, wanatoa wapone. R. akachapisha bango na kuliweka pia kwenye status ya WhatsApp: TUNATIBU SUKARI, PRESHA, FIGO, GANZI, MIGUU KUWAKA MOTO.

Wakaja. Wiki ya wateja 8 ikawa ya wateja 24, na Jumamosi moja aliwahi kukanda saba. Kwa 30,000 kila mmoja, hiyo ni 720,000 kwa wiki, zaidi kidogo ya mara mbili ya mshahara wake wa mwezi mzima hotelini. Kidole gumba cha kulia kikaanza kumuuma mpaka akashindwa kufungua soda. Mteja wa saba wa Jumamosi, mwenyewe ananiambia, alikuwa anakandwa kwa kiwiko.

Sasa litazame tena bango lile. Ganzi na miguu kuwaka moto ndizo dalili anazozitaja mgonjwa wa sukari ambaye mishipa yake ya fahamu ya miguuni imeanza kuharibika. R. alikuwa na ujuzi wa kukanda miguu iliyochoka, lakini bango lake lilikuwa linaita miguu iliyougua, tena ile mahususi ambayo haisemi inapoumizwa. Hakulijua hilo. Hotelini hakuwahi kuambiwa.

Siku ya beseni

Mzee K. ni mstaafu, amekaa na sukari zaidi ya miaka kumi. Alikuja kwa ajili ya ganzi. Vikao vitatu vya kwanza vilikwenda vizuri, akawa anasema analala vizuri na miguu imechangamka. Siku ya kwanza R. alimuuliza, kama alivyomuuliza kila mtu, "Una tatizo lolote mzee?" Akajibiwa, "Hamna mwanangu, mzima tu, ni hii ganzi na kasukari kidogo." R. akaandika kwenye daftari: sukari, ganzi. Akaendelea.

Kikao cha nne kiliangukia Julai, asubuhi ya mawingu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo miguu ya baridi kama ya maiti."

R. akamimina maji ya bomba kwenye beseni, akaongeza ya birika la umeme, akatia chumvi ya mawe, akachovya mkono. Safi. Mzee akatumbukiza miguu na kutikisa kichwa. Mbona maji ya baridi haya? R. akaongeza ya birika, akachovya tena mkono. Ongeza mwanangu. Akaongeza. Mara ya tatu birika likabaki tupu, na mzee akaegemea kiti akafumba macho.

Chumbani mle mlikuwa na vipimo viwili vya joto, vyote vibovu. Mguu wa mzee ulikuwa umepoteza hisia, kwa hiyo maji yangechemka usingelalamika. Na mkono wa R. ulikuwa umekaa miaka mitano ukikamua taulo za moto hotelini. Yeye huyaita vuguvugu maji ambayo mimi siwezi kuyashika. Nimejaribu. Tulichovya mikono kwenye beseni moja, yeye akatulia, mimi nikautoa wangu.

Aliyaacha maji yafanye kazi dakika 20 huku akimmalizia mteja mwingine nyuma ya pazia. Aliporudi na kufuta miguu, ngozi ilikuwa nyekundu mpaka juu ya kifundo. Akafurahi. "Umeona mzee, damu imeanza kutembea." Mzee naye akafurahi. Kisha akakanda kikao kamili, na kwa kuwa mteja ni wa sukari, akakaza zaidi kwenye tao la unyayo, pale chati inapoonyesha kongosho. Kwa gumba bovu akasaidia na kijiti cha mbao.

Asubuhi iliyofuata

Saa moja asubuhi simu ikaita. Binti wa mzee: "Dada, umemfanya nini baba?"

Mzee mwenyewe hakuwa amesikia kitu usiku kucha. Mkewe ndiye aliyetandika kitanda akakuta shuka limelowa upande wa miguuni. Malengelenge mawili, moja la ukubwa wa yai pembeni mwa mguu wa kushoto, limepasuka. Jingine nyuma ya kisigino cha kulia, bado limejaa maji. Mama wa watu alikuwa ameshapaka dawa ya meno.

Aliyoamua R., na sababu zake

R. alimpigia kwanza mkandaji mwenzake. Ushauri aliopewa: zima simu, futa status, sema alikuja na mguu hivyo hivyo. Hakuufuata. Nilipomuuliza kwa nini, nilitegemea jibu la uungwana. Akasema, "Frem wanaijua. Nisingekwenda mimi wangekuja wao, tena si peke yao." Basi akapanda bodaboda.

Nyumbani kwa mzee aliamkia, akapiga goti, akasema moja kwa moja kwamba maji aliyatia yeye. Familia ilikuwa imeamua kusubiri Jumatatu, maana siku ile ilikuwa Jumamosi, na mjomba mmoja alishauri lengelenge la pili litobolewe kwa sindano iliyochomwa kwenye kiberiti. R. alikataa, akang'ang'ania hospitali siku hiyo hiyo. Hapa aliongozwa na kitu kidogo tu: hotelini kulikuwa na kanuni kwamba mgeni mwenye kidonda haguswi, anaitiwa daktari. Hakujua kwamba kidonda cha mguuni kwa mtu wa sukari kinaweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Alijua tu kwamba si chake.

Hospitali alimweleza nesi kila kitu: maji ya birika, yameongezwa mara tatu, dakika 20, kisha amekanda juu yake kwa mafuta na kijiti. Daftari alikuwa nalo. Daktari alipomuuliza mzee kuhusu dawa, ndipo likatoka la pili. Metformin, dawa yake ya sukari, alikuwa anairuka, anameza leo, kesho anaacha, kwa karibu mwezi. "Miguu si ilikuwa inaendelea vizuri."

Suala la fedha lilikaliwa kikao cha familia, mjumbe akiwepo. Walianza na 1,200,000. Wakaishia kwenye gharama za dawa na kufunga kidonda, jumla 480,000, alizolipa kwa awamu tatu kwa kukopa kikoba. Maandishi yalikuwa karatasi moja ya daftari yenye sahihi za pande mbili. Frem aliifunga wiki moja.

Matokeo

Kidonda kilipona baada ya wiki tisa. Mguu haukukatwa. Sukari ilichukua muda zaidi kushuka kuliko kidonda kufunga.

Bango liliondolewa siku ile ile. Wateja wakashuka mpaka tisa kwa wiki, yaani 270,000, na kikoba kinamdai. Kulikuwa na mwezi alirudi kufuata wateja majumbani na mkoba kama mwanzo. Bango jipya likasema kitu kimoja: KUKANDA MIGUU ILIYOCHOKA. Waliokuja taratibu ni manesi wanaotoka zamu ya usiku, walimu, madereva wa mabasi, akina mama wanaosimama sokoni kutwa. Akapandisha bei hadi 40,000. Baada ya mwaka alikuwa na wateja 17 kwa wiki, 680,000, karibu sawa na siku za bango la kwanza kwa wateja saba pungufu. Gumba limepoa. Usajili wa Baraza ameuanzisha kupitia mratibu wa tiba asili na tiba mbadala wa halmashauri yake.

Uchambuzi

Wanafunzi wangu wengi wakisikia kisa hiki hukimbilia birika. Nunua kipimajoto, tatizo limekwisha. Kipimajoto kinahitajika, na bei yake ni ndogo kuliko chupa ya mafuta mazuri. Maji ya nyuzi 37 yana joto la mwili wenyewe, hakuna anayeungua. Yakifika 60, ngozi ya mtu mzima huungua ndani ya sekunde chache. Lakini kwa Mzee K. hata kipimajoto kisingekuwa jibu, kwa sababu mwenye sukari hushauriwa asiloweke miguu kabisa. Ngozi ikilowa hulainika, ikipasuka hupitisha vijidudu. Beseni halikupaswa kutolewa chini ya meza.

Kosa la kwanza, kwa maoni yangu, ni bango, kwa sababu ndilo lililochagua wateja. Mapitio ya tafiti ya Edzard Ernst na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalikusanya majaribio 23 ya refleksolojia na kuona kwamba ushahidi ulio bora hauonyeshi kwa namna ya kuridhisha kuwa inatibu ugonjwa wowote. Nasema hivi mimi ambaye nimelea watoto kwa kazi hii. Mtu hutoka kitini amepumzika, amenyooka mgongo, usiku analala. Hicho kinauzika, na R. amekiuza. Kongosho haliko kwenye tao la unyayo. Pale pana mifupa, kano na misuli, na kwa Mzee K. palikuwa na ngozi iliyoiva ambayo R. aliikandamiza kwa kijiti akiamini anashusha sukari.

Na bango lilifanya kazi nyingine kimyakimya. R. hakumwambia mzee aache dawa, wala hakumwambia asiache. Mtu akisoma TUNATIBU SUKARI, akakandwa, akalala vizuri, anamalizia hesabu mwenyewe. Sasa hivi R. ana sentensi anayoisema kila kikao kwa kila mwenye dawa: "Mimi nakanda, dawa ni ya daktari, leo umemeza?" Anaisema kama anavyosema karibu.

Kosa la pili ni swali, na hapa ndipo mimi hutumia nusu ya somo. "Una tatizo lolote?" kwetu si swali la afya, ni salamu, na jibu lake la adabu ni "hamna." Mzee wa miaka sitini na kitu hatamfungulia binti wa kumzaa orodha ya maradhi yake mlangoni. Swali lazima liwe na mshiko. Leo asubuhi umemeza dawa gani? Kliniki unahudhuria ya nini? Na lile ninalolipenda kuliko yote: ndala zimewahi kukuvuka njiani usijue mpaka mtu akakuambia? Mzee K. alipoulizwa hilo na nesi, mkewe alicheka, akasema, "Kila siku, mara ya mwisho msikitini." Jibu lilikuwepo miezi yote, halikuwa limeombwa.

Baada ya swali, kidole. Kuna kipimo kilichoanzia Ipswich, Uingereza, kisichohitaji kifaa chochote. Mteja anafumba macho. Unamgusa kwa ncha ya kidole chako cha shahada, kwa wepesi, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kupapasa, kwenye ncha ya kidole gumba, cha katikati na kidogo cha kila mguu. Sehemu sita kwa jumla. Kila akisikia anasema "ndiyo." Akikosa mbili au zaidi, hisia zimepungua na anahitaji kuonwa na daktari wa miguu yake kabla yako. Inachukua muda wa kuchemsha chai, na wateja wanaipenda kwa sababu inaonekana ya kitaalamu. R. sasa humgusa hivyo kila mteja mpya. Katika miezi ya kwanza aliwarudisha wanne. Wawili hawakurudi tena, mmoja akamtangaza kwamba anaringa, na mmoja alirudi na karatasi ya kliniki.

La usajili nitalipita haraka. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, ndiyo iliyoanzisha Baraza. Leseni ya biashara inasema una biashara. Ukiandika unatibu, umejiingiza kwenye mambo ya Baraza, na familia ile ingetaka kufika mbali bango lingekuwa ushahidi wao namba moja. Mjumbe mmoja mwenye busara ndiye aliyemwokoa.

Kilichofanya kazi? Daftari. Kila mteja, tarehe, alichofanyiwa, dakika. Nesi alipata maelezo kamili ndani ya dakika tano, na familia iliona mtu asiyeficha. Pili ni kwenda, hata kama alikwenda kwa woga. Tatu ni kukataa sindano ya mjomba, na hapa naipa hoteli sifa yake: kanuni waliyomkaririsha bila maelezo ilimfaa kuliko chati aliyoielewa yote.

Gumba nalo halisemwi vya kutosha. Mikono ndiyo mtaji wa kazi hii, na kwa hesabu ya wateja saba kwa siku R. asingemaliza miaka mitatu. Kijiti kile cha mbao kiliingia kwa sababu gumba lilikuwa limekufa, na mtu anayekanda kwa kijiti hasikii joto la ngozi wala uvimbe chini yake. Huenda kwa gumba zima angeshtuka siku ile. Yeye anasema asingeshtuka.

Kuna jambo moja hatujakubaliana. Nilimwambia aitoe ile chati ukutani, kwa sababu mteja akiiona anaanza kuuliza figo iko wapi, na kila jibu ni bango jipya. Amegoma. Anasema chumba bila chati kinaonekana kama saluni, na wateja wanapenda kuitazama wakiwa wamelala. Tulipoachana mara ya mwisho chati ilikuwa bado ipo. Alikuwa ameibandika karatasi nyeupe kwenye tao la mguu, mahali pa kongosho, ameandika kwa kalamu ya mkono: WENYE SUKARI TUONGEE KWANZA.